Vali, Transista na Shaba ya Kinsevere

Tofauti kubwa kati ya amplifaya ya vali na ya transista husikika zinapolemewa. Zikiwa zimeundwa vizuri na kupigwa kwa sauti ya wastani, hata sikio zoefu hupata taabu kuzipambanua.

Vali ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa. Kathodi iliyopashwa moto hutoa elektroni, na wavu mdogo, uliobuniwa na Lee de Forest mwaka 1906, hutawala safari ya elektroni hizo kuelekea bamba lenye volti mia kadhaa. Transista, iliyozaliwa katika maabara za Bell nchini Marekani Desemba 1947, hufanya kazi hiyohiyo ndani ya kipande cha germani au silikoni, bila moto.

Wimbi likizidi uwezo wa amplifaya, vilele vyake hukatika. Vali huvibonyeza kidogo kidogo; transista huvifyeka kama panga. Kila mkato huzaa harmoniki, yaani sauti za ziada juu ya noti yenyewe. Triodi moja, yaani vali yenye kathodi, wavu na bamba tu, huzaa zaidi harmoniki ya pili, ambayo ni oktavu ya noti ileile, hivyo sikio huisikia kama unene. Mkato wa ghafla huzaa harmoniki za juu zinazokwaruza. Mwaka 1973 Russell Hamm alieleza kwa vipimo kwamba tofauti hiyo hutokea amplifaya inapozidiwa. Lakini vali mbili zikifanya kazi kwa kupokezana, harmoniki za shufwa hufutana. Sifa ya oktavu haiistahili kila amplifaya ya vali, wauzaji waseme watakavyo.

Mara nyingi transfoma ya kutolea sauti husahauliwa. Vali huhitaji mzigo wa maelfu ya ohmu, ilhali spika ina 4 au 8. Kinachozipatanisha ni mizunguko mingi ya waya wa shaba, madini yanayochimbwa Kinsevere, kaskazini mwa Lubumbashi, katika eneo la Katanga nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kiini cha chuma kikishiba sumaku, besi huchafuka. Tena, ukinzani wa kutolea sauti ukiwa mkubwa, koni ya spika haidhibitiwi sawasawa na besi hulegea. Amplifaya nyingi za transista huendesha spika moja kwa moja, na besi hukaza.

Katanga imeigusa hata spika. Sumaku za alniko, zilizotumika katika spika nyingi za zamani, zina kobalti, madini mengine ya Katanga; vita vya Kolwezi, mji wa eneo hilo, vya Mei 1978 vilipandisha bei ya kobalti, na watengenezaji wengi wakahamia sumaku za feriti. Anayelinganisha amplifaya ya vali ya miaka ya 1960 na ya transista ya miaka ya 1980, kila moja ikiwa na spika yake, huenda analinganisha pia sumaku mbili.