Je, Seli za Mnyama Zaweza Kukuotesha Mfupa?



Mtu akivunjika mguu na mfupa ukakataa kuunga, jamaa zake huja kwa kikundi: "Tusaidieni na mchango." Siku hizi pia kuna habari ati seli shina za mnyama zinaweza kuotesha mfupa mpya. Kabla hamjafungua sanduku la pesa, tuelewane kwanza.

Seli shina ni nini? Ni seli changa ambazo bado hazijachagua kazi. Zile zilizo ndani ya mifupa zinaweza kugeuka kuwa mfupa, gegedu au mafuta. Mtu akivunjika, hizo ndizo huamka na kujenga upya. Kila mmoja wetu anazo zake.

Na za mnyama je? Watafiti wamewahi kuweka seli shina za binadamu ndani ya panya, na mfupa ukaota kweli. Lakini walichagua panya wasio na kinga kamili ya mwili. Mwili wenye kinga hushambulia seli ngeni, kama mbwa wa boma anavyomrukia mgeni usiku.

Tena kuna magonjwa. Mwaka wa 2014 watu 5 wa jimbo la New York, Marekani, walienda Ujerumani wakadungwa seli za kondoo ambao hawajazaliwa. Hawakutafuta mfupa, walitafuta afya tu. Walirudi na homa ya Q, ugonjwa unaotoka kwa kondoo, mbuzi na ng'ombe.

Kitu kinachotumika ni mfupa wa ng'ombe uliosafishwa kwa joto na dawa mpaka seli zote ziishe. Hubaki kitu kigumu chenye matundu madogo. Madaktari, hasa wa meno, hujazia pengo la taya. Ni kama nyumba ya udongo: fito zimetoka kwa ng'ombe, lakini udongo na fundi ni vya mgonjwa mwenyewe. Kwa pengo la mguu, mara nyingi daktari huchukua kipande cha mfupa wa nyonga ya mgonjwa huyo huyo.

Basi kikundi kifanye nini?

1. Aliyevunjika afikishwe hospitali mapema. Mkimfunga vijiti, msikaze sana. Vidole vikiwa baridi au vikibadilika rangi, legezeni upesi.

2. Apate maharagwe, omena, mayai na maziwa. Kama anavuta sigara, aache, kwa maana inachelewesha mfupa kuunga.

3. Akija mtu na sindano ya seli za mnyama, muulizeni: Zimetoka wapi? Nani amezipa kibali zitumike kwa binadamu? Ni hospitali gani inamsimamia? Akishindwa kujibu, msimpe hata shilingi. Pesa hizo zimpeleke mgonjwa kwa daktari wa mifupa.

Someni makala haya pamoja katika mkutano wenu ujao, mkayajadili.