Masikio ya Mfanyakazi Safarini

Yeyote apandaye daladala alfajiri kutoka Mbagala kwenda Kariakoo, au basi la mwendokasi kutoka Kimara kwenda Kivukoni, huona abiria wengi wameziba masikio. Mmoja amevaa hedifoni kubwa mithili ya kofia, mwingine ana vispika vidogo vilivyozama ndani ya sikio, wa tatu ana waya unaoning'inia kifuani. Hatuwalaumu. Tena twawashukuru, maana wapo wengine ambao huifungulia simu sauti yake yote, wakalilazimisha basi zima kusikiliza mpira, mahubiri na ugomvi wa jamaa zao.

Lakini wengi wanunuapo vyombo hivi hutazama rangi, au jina la kampuni, au alichovaa jirani. Sisi twaona kwamba swali la kwanza ni hili: je, chombo hiki kitamwezesha mvaaji kusikiliza kwa sauti ndogo katikati ya ngurumo ya injini?

Shirika la Afya Duniani husema kwamba sauti ya desibeli 80 mtu mzima aweza kuisikiliza kwa saa 40 kwa juma pasipo hatari. Ikifika desibeli 90, saa hizo hushuka hadi 4 tu. Mwaka 2022 Shirika hilo lilieleza kwamba watu zaidi ya bilioni moja, wenye umri wa miaka 12 hadi 35, wamo katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya muziki na starehe nyingine za kelele. Chembe za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikifa, kwa binadamu hazioti tena.

Jambo hili lamhusu mfanyakazi kuliko mtu mwingine. Katika nchi nyingi, desibeli 85 kwa saa 8 ndicho kipimo kitumikacho kazini kuwa mpaka wa kelele. Basi aliyeshinda kutwa penye mashine za kufuma nguo au za kukata vyuma, kelele zake zikiwa zimefika kipimo hicho, amekwisha kutumia posho yake ya siku. Apandapo basi la jioni na kufungulia muziki kwa nguvu, sikio halijui kwamba kelele ya kwanza ilikuwa kazi na hii ya pili ni starehe. Huhesabu zote pamoja.

Sasa achague nini? Vispika vya plastiki ngumu visivyoziba tundu la sikio huiacha injini iingie, na mwenyewe hupandisha sauti ili aishinde. Vile vyenye vipira laini mbele huziba kama kizibo cha chupa, na aghalabu bei yake si kubwa. Hedifoni kubwa zinazofunika sikio lote huziba vizuri pia, ila kwa joto la Dar es Salaam mvaaji hufika kazini amelowa jasho.

Zipo tena zile zinazofuta kelele zenyewe. Amar Bose, mhandisi wa Marekani, aliwaza juu yake mwaka 1978 akiwa ndani ya ndege. Kipaza sauti kidogo hunasa mngurumo wa nje, na chombo hutoa wimbi la sauti lililo kinyume chake, yote mawili yakafutana. Hufaa sana kwa mvumo wa injini usiobadilika. Kwa honi na mazungumzo hufaa kidogo. Bei yake aghalabu ni kubwa.

Kuhusu waya, sisi twaupendelea. Hauhitaji kuchajiwa, na kispika kikichomoka mlangoni penye msukumano hubaki kimening'inia. Kisicho na waya huangukia miguuni pa watu, na hakuna nafasi ya kuinama. Taabu ni kwamba simu nyingi mpya hazina tundu la waya, desturi iliyopata nguvu tangu iPhone ya mwaka 2016. Mwenye simu hizo hana budi kununua kiunganishi.

Wengine huacha sikio moja wazi ili wamsikie konda. Si vibaya, almuradi wasipandishe sauti katika lile jingine. Lakini mtu akishuka na kuanza kuvuka barabara, avue yote mawili, kwani bodaboda haina desturi ya kutokea upande uliotazamiwa. Dereva wa bodaboda mwenyewe asiyavae asilani akiwa kazini.

Kabla ya kulipa, mnunuzi amwombe mwenye duka ruhusa ya kuvijaribu, avivae bila muziki wowote, asogee mlangoni ambako magari yanapita. Ngurumo ikibaki vilevile, avirudishe mezani na kuomba vyenye vipira.