Kansa ya Matiti na Damu ya Ukoo

Katika likizo iliyopita nilihudhuria matanga kwetu Pajulu. Mama mmoja jirani, mwenye umri wa miaka 68, alikuwa amefariki kwa kansa ya titi. Nilipokuwa nikiwagawia wazee maji nilisikia maneno yaliyonikaa moyoni. Mzee mmoja, ambaye kijana wake alikuwa amekwisha kumposa binti wa marehemu, alisema kwa sauti ndogo kuwa afadhali jambo lile lingoje, kwa sababu ugonjwa huo “umo katika damu ya nyumba ile.” Binti mwenyewe alikuwa hatua chache tu, akipepeta mtama. Mimi ni mwanafunzi wa sayansi, tena wa kidato cha sita, wala sikuwa na neno la kumjibu. Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa elimu ya viumbe, nikasoma, na haya ndiyo niliyoyapata. Ninyi mliotutangulia mtanisahihisha nikikosea.

Mwili umejengwa kwa seli, nazo ni ndogo hata hazionekani kwa macho matupu. Seli huongezeka kwa kugawanyika, na kila igawanyikapo hunakili maagizo yote ya mwili, yaani jeni. Mtu anakilipo kitabu kirefu kwa mkono hakosi kukosea mahali. Kwa hiyo ziko jeni za kulinda. Mojawapo ni p53. Ilianza kujulikana mwaka 1979, na kwanza wataalamu walidhani ndiyo inayoleta kansa! Ilikuwa mwaka 1989 walipotambua kuwa kazi yake ni kuizuia. Ni kama askari wa zamu: akiona seli yenye maandishi yaliyoharibika huisimamisha isigawanyike mpaka itengenezwe, na ikiwa haitengenezeki huiamuru ife. Nyingine ni BRCA1, iliyopatikana mwaka 1994, nayo ni fundi wa kuunga nyuzi za jeni zilizokatika.

Kila seli ina nakala mbili za jeni hizi, moja ya baba na moja ya mama. Mwaka 1971 Daktari Alfred Knudson wa Marekani, akichunguza kansa ya macho ya watoto, alieleza kuwa nakala zote mbili huharibika ndipo uvimbe uanze. Hapa ndipo penye fundo la maneno ya mzee. Wako watu wanaozaliwa na nakala moja mbovu katika kila seli, nao waweza kuwarithisha watoto wao. Lakini katika wagonjwa 100 wa kansa ya matiti, waliorithi ubovu wa namna hiyo ni 5 hadi 10 tu. Kwa wengine wote madhara yalianza baadaye, ndani ya titi lenyewe, pole pole kwa miaka mingi. Jeni ya p53 hukutwa imeharibika katika karibu theluthi moja ya kansa za matiti. Habari ya BRCA1 ni ya ajabu zaidi: katika kansa zisizorithiwa ni nadra kuikuta imevunjika, ila mara nyingine imenyamazishwa. Vipande vidogo vya kemikali hujibandika juu yake, seli isiweze kuisoma. Kitabu kizima kipo kabatini, lakini kabati limetiwa kufuli.

Basi seli ya titi haizai mtoto. Lililoharibika humo haliingii katika yai, na binti hawezi kulirithi.

(Tembo, kwa habari iliyotangazwa mwaka 2015, ana nakala zipatazo 40 za p53, na sisi 2 tu. Yasemekana ndiyo sababu mojawapo ya mnyama mkubwa vile kuugua kansa kwa nadra.)

Tena West Nile tulikwisha kuona zamani kuwa kansa si lazima ifuate ukoo. Katika hospitali ya Kuluva, si mbali na kwetu, Daktari Ted Williams aliandika kwa uangalifu habari za watoto waliovimba taya. Mwaka 1961 yeye, Daktari Denis Burkitt wa Mulago na Daktari Cliff Nelson walisafiri kwa motokaa maili 10,000 hivi, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Waliona uvimbe ule ukifuata nchi za joto na mvua, ambazo ndizo penye malaria nyingi, badala ya kufuata kabila.

Sisemi kurithi hakupo. Nyumba ambamo mama, dada na shangazi wameugua, tena wangali vijana, ina sababu ya kumwona daktari mapema. Jirani yetu aliugua peke yake katika ndugu saba, tena uzeeni.

Jumamosi iliyopita nilimwendea mzee yule nikamweleza hivi hivi. Alinisikiliza kimya mpaka nilipofika kwenye tembo, akacheka. Akaniambia nirudi Jumapili nikayaseme tena mbele ya ndugu zake, kwa sababu mbuzi wa mahari wangali zizini wakila bure.