Mawe Chini, Udongo Juu

Tofali bichi lililokaushwa juani, likizamishwa kwenye ndoo ya maji, hutoa mapovu kwanza. Kisha pembe zinamomonyoka, na kabla chai haijapoa, ndooni limebaki tope. Ni kwa tofali hilo wakulima wengi wa Katogota, kijiji cha bonde la Ruzizi huko Kongo, kati ya Luvungi na Kamanyola, hujenga nyumba zao.

Lakini udongo si mnyonge hivyo. Huko Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, nyumba ya shambani ya Hayes Barton, alikozaliwa baharia Walter Raleigh katika miaka ya 1550, ina kuta za udongo na paa la nyasi, na bado imesimama. Mvua za Devon nazo si haba. Wajenzi wa kule walitanguliza ukuta mfupi wa mawe, ndipo wakapandisha juu yake udongo uliokanyagwa pamoja na majani makavu.

Ukuta wa udongo huliwa kuanzia chini. Unyevu wa ardhini hupanda tofalini kama mafuta ya taa kwenye utambi. Matone ya batini nayo yanapiga ardhi na kurusha tope ukutani. Baada ya misimu michache, kwenye kimo cha kifundo cha mguu ukuta umeliwa kama umegugunwa na panya. Mawe ya mtoni yakipangwa hadi kufikia goti, tope linarukia jiwe, na jiwe halijali.

Kinga ya pili ni baraza. Wabelgiji waliona faida yake mapema, wakalichukua neno lenyewe na kulitia katika Kifaransa chao cha Kongo: barza. Paa lililotokeza mbele huwapa watu kivuli, na huangusha maji mbali na ukuta.

Bila shaka kuna maji yasiyozuilika kwa goti moja la mawe. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika mjini Uvira, makumi ya watu walikufa na maelfu ya nyumba zikaharibika. Hapo suala ni kiwanja, si ukuta.

Kosa lililo mikononi mwa mwenye nyumba ni saruji. Pesa ya mpunga ikiingia, ukuta wa udongo hupigwa lipu ngumu ili ung'are. Saruji na udongo havitanuki sawasawa: lipu hupasuka, maji yanapenya kwenye nyufa, kisha yanakosa pa kutokea. Uingereza, mafundi wa nyumba kongwe siku hizi wanaibandua saruji ya namna hiyo na kurudisha chokaa, inayouacha ukuta upumue. Katogota, udongo wenye mchanga unaosiribwa upya kila kiangazi hufanya kazi hiyohiyo kwa bei ya jasho tu.

Fundi mzoefu haulizi lipu ina umri gani. Anagonga kwa kidole kilichokunjwa, chumba hadi chumba. Panapolia kama debe tupu, saruji imeshaachana na udongo.