Kihamba Hakilimwi na Mtu Mmoja

Ukipanda kutoka Moshi mjini kuelekea Uru, Kibosho, Machame au Marangu, mahindi ya tambarare hukoma na migomba huanza. Kuanzia hapo hadi karibu na msitu wa Mlima Kilimanjaro, takribani mita 1,000 hadi 1,800 juu ya usawa wa bahari, mgeni hudhani anapita porini. Kumbe yuko katikati ya makazi ya watu. Nyumba zimefunikwa na majani, na kila mti anaouona una mwenyewe, tena mwenyewe anayejua ulipandwa na nani. Hivi ndivyo vihamba vya Wachagga, bustani za nyumbani ambazo familia moja huishi ndani yake, hula kutoka kwake na kuzika watu wake humo humo.

Wataalamu wa kilimo wamekuwa wakivisoma vihamba kwa miaka mingi. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilivitambua vihamba vya Shimbwe Juu, katika Wilaya ya Moshi Vijijini, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima. Heshima hiyo ni halali. Hata hivyo, habari nyingi zinazoandikwa juu ya vihamba huishia kwenye miti na udongo, zikawasahau watu na namna wanavyopeana mbegu, maji, samadi, ndizi na maneno. Mimi naamini kihamba kimedumu karne nyingi kwa sababu ya kupeana huko, na kwamba pale kupeana kunapokatika, udongo mzuri peke yake hautakiokoa.

Tuanze na namna kinavyopandwa. Juu kabisa husimama miti mikubwa: mfuruanje, mringaringa, msesewe, na siku hizi mgrevilea uliotoka Australia. Chini yake kuna migomba. Chini ya migomba kuna kahawa, na chini ya kahawa kuna magimbi, maharage, mboga za majani na majani ya ng'ombe. Viazi vikuu huparamia miti, na mizinga ya nyuki huning'inizwa matawini. Hakuna mstari ulionyooka, na aliyezoea shamba la trekta anaweza kudhani mwenye kihamba ni mvivu. Ukitembea na mwenyewe utaona kwamba kila kitu kina sababu ya kuwa pale kilipo. Mfuruanje umeachwa kwa kuwa kivuli chake ni chepesi, kahawa inakipenda, na majani yake yakidondoka yanarutubisha udongo. Gimbi limepandwa pale maji ya mfereji yanapotuama. Mgomba uliopo nyuma ya jiko ndio mnene kuliko yote, kwa maana unapata majivu, maganda na maji ya vyombo kila siku.

Ng'ombe hachungwi. Hufungwa bandani na kuletewa majani. Zamani alilala ndani ya nyumba pamoja na watu. Anakula majani na vigogo vya migomba, na samadi yake inarudi kwenye mashina ya migomba. Kiangazi, wakati nyasi zimekauka, kigogo cha mgomba kilichokatwakatwa humpa chakula na maji kwa pamoja. Akina mama na vijana hushuka hadi mashamba ya tambarare, wanakolima mahindi, maharage na alizeti, na hupanda tena mlima na mizigo ya mabua kichwani. Ni kazi ngumu mno, na miguu ya wanawake wa mlimani ndiyo imeibeba rutuba ya vihamba kizazi baada ya kizazi. Jambo hili linastahili kusemwa kwa sauti kuliko linavyosemwa.

Asiye na ng'ombe hakuachwa bila samadi. Wachagga walikuwa na utaratibu wa mwenye mifugo mingi kumwekesha mwenzake ng'ombe. Aliyepewa alimlisha na kumtunza, akanywa maziwa na kutumia samadi. Ndama walibaki kuwa wa mwenyewe, na siku ya kuchinja mtunzaji alikuwa na fungu lake la nyama. Kwa njia hiyo samadi ilizunguka kijijini, na vihamba vya wanyonge havikuchakaa upesi. Tena ng'ombe huyo aliwafunga watu wawili katika uhusiano ambao haukuvunjika kirahisi, hata wakigombana juu ya mpaka.

Mpaka wenyewe ni somo. Hauwekwi jiwe wala waya, unapandwa masale. Sale ni mmea wenye majani marefu ya kijani, hauliwi na mtu wala ng'ombe, na ukishika ardhini ni vigumu kuufuta. Huohuo ndio mmea wa kuombea radhi. Mtu aliyemkosea jirani au ndugu humpelekea jani la sale, na kwa desturi aliyepelekewa hawezi kukataa kusamehe. Nadhani wazee walijua walichofanya walipoupa mmea mmoja kazi zote mbili, kwani ugomvi mwingi wa mlimani huanzia kwenye mpaka.

Sasa mbegu. Kihamba kipya hakianzi dukani. Kijana anayeoa na kukatiwa kipande chake hupita kwa wazazi, wajomba na majirani akiomba machipukizi ya migomba. Kwa huyu anapata mshare, ndizi ya kupikia mtori na machalari. Kwa yule anapata kisukari kwa ajili ya watoto, na kwa mwingine ndizi ng'ombe inayofaa kwa pombe. Anayeomba hapewi chipukizi tu, anapewa na maelezo yake. "Usichukue hilo lenye majani mapana, baba," mama mwenye migomba atamwambia, "hilo limeshamwacha mama yake, halina nguvu. Chukua lile lenye majani membamba, umenye mizizi yote, usipande hata kipande chenye tundu la mdudu." Anaelezwa achimbe shimo mapema kabla ya masika, alijaze samadi iliyooza, na baadaye asiache kila kinachochipua kikue. Kwenye shina moja wabaki watatu, yaani mama, mtoto na mjukuu. Wengine wote waondolewe, au apewe jirani mwingine anayehitaji. Kijana hujibu "aika, mae", na shukrani hiyo humfuata maisha yote, maana kila akikata mkungu atakumbuka mgomba ule ulitoka kwa nani.

Ndiyo maana wazee wa mlimani wanapotembeleana hawakai ndani mara moja. Salamu zikiisha huzunguka kwanza kihambani. Mgeni atainua jani la kahawa na kutazama upande wa chini kama lina unga wa rangi ya machungwa, dalili ya kutu ya majani. Atagusa shina la mgomba linaloyumba na kusema kuna fukusi. Atauliza kwa nini mti fulani umepunguzwa matawi. Mwenyeji hakasiriki, kwa maana kesho naye atakuwa mgeni kwenye kihamba cha mwenzake. Watoto wanaofuata nyuma wakisukumana ndio wanaosoma. Hakuna kitabu kilichowahi kuandikwa ambacho kingewafundisha haraka kiasi hicho kutofautisha aina kumi na zaidi za migomba kwa kutazama rangi ya shina tu.

Maji nayo yalikuwa ya kugawana. Kabla ya wakoloni kufika, Wachagga walikwishachimba mifongo, yaani mifereji inayotega maji ya mito juu karibu na msitu na kuyashusha kwa kuzunguka mabonde hadi kwenye vihamba. Mfongo ulikuwa chini ya ukoo ambao mzee wao aliuchimba, na wengine walipata maji kwa zamu. Usiku maji yalikusanywa kwenye bwawa dogo liitwalo nduwa, asubuhi likafunguliwa. Mfongo ukiziba au kingo zikibomoka baada ya mvua, wanaume waliitwa wote kwenda kuzibua. Asiyefika alitozwa faini, na akirudia alinyimwa zamu yake. Kazi ikiisha walikunywa mbege, pombe ya ndizi mbivu na ulezi inayotiwa magome ya msesewe ili iwe na uchungu wake. Mifongo mingi imekauka leo, mingine kwa sababu maji ya bomba yamekuja, mingine kwa sababu hakuna tena vijana wa kuzibua. Inayobaki bado inasimamiwa na kamati zinazogawa zamu, na naziheshimu sana kamati hizo.

Kahawa ililetwa na wamisionari wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na Wachagga wakaipokea kwa namna yao. Hawakung'oa migomba, waliipenyeza kahawa chini yake. Mwaka 1925 walianzisha chama chao cha wakulima wa kahawa, na mwaka 1933 kikafuatiwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika. Kwa fedha za kahawa zilijengwa shule na zahanati, na watoto wengi wakasomeshwa hadi wakatoka mlimani. Kahawa ilikuwa ya baba. Ndizi za chakula, maziwa na mboga vilikuwa vya mama, na soko lilikuwa lake. Hata leo ukienda soko la Mwika au la Marangu Mtoni utawakuta akina mama wamejaa na mikungu, magimbi, maparachichi na mboga. Kinachouzwa pale ni kingi, lakini kinachozungumzwa ni kingi zaidi: nani ana maharage mazuri ya mbegu, dawa gani ya mitishamba imefukuza wadudu kwenye kabichi, mvua imefika wapi huko Rombo. Bei ya kahawa ilipoporomoka baada ya makubaliano ya kimataifa ya kahawa kuvunjika mwaka 1989, mifuko ya akina baba ilitoboka, na vikapu vya akina mama ndivyo vilivyolisha nyumba. Wengine waling'oa mikahawa. Wengine waliiacha ikazeeka, na wachache waliotunza wanapanda sasa miche ya aina mpya inayohimili magonjwa, iliyozalishwa na watafiti wa Lyamungu.

Tatizo kubwa la leo ni ardhi na watu. Mila inampa mtoto wa kiume wa mwisho nyumba ya wazazi, na wa kwanza naye hupata sehemu yake. Wa katikati walikatiwa ardhi mpya wakati ilipokuwepo. Haipo tena. Kihamba kilichokuwa ekari mbili kimegawanywa hadi kikabaki kipande kisichoweza kulisha watu watano, na katika sensa ya mwaka 2022 Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8. Mabinti, ambao ndio walioshinda na mama zao kihambani, mara nyingi hawapewi kitu, ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Hapa sitaitetea mila. Ikiwa binti anajua migomba na kaka yake hajui, kihamba kinapaswa kwenda kwa anayejua.

Wanaume wengi wapo Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Kila Desemba mabasi hujaa, barabara za mlimani hufurika magari, na kila ukoo huchinja na kula pamoja kisusio, supu ya nyama na damu. Ni desturi nzuri na ninaipenda kwa moyo wote. Lakini siku hizi nyumba ya kurudi Desemba inakuwa kubwa kuliko kihamba chenyewe. Migomba inang'olewa ili kupata uwanja wa kuegesha magari, inawekwa sakafu ya saruji, na pembeni yanapandwa maua ya kununua mjini. Miezi iliyobaki kihamba kinaachiwa mlinzi ambaye hajui mshare ni upi na ndizi ng'ombe ni ipi. Akiombwa chipukizi na jirani hana la kumpa, na akiletewa hajui pa kulipanda. Hapo ndipo mnyororo wa vizazi unapokatika, bila ukame wala ugonjwa wowote.

Yapo mambo ya kutia moyo. Vijana kadhaa wamerudi na kuanza parachichi, kuku na nyuki kihambani badala ya kung'oa kila kitu. Shimbwe Juu wakulima walijaribu vanila, mmea unaopenda kuparamia chini ya kivuli, na hivyo haukuhitaji mti kukatwa. Vikundi vya akina mama vinakopeshana fedha na siku hiyohiyo vinabadilishana mbegu. Haya yanaonyesha kwamba kihamba kinaweza kupokea kitu kipya, kama kilivyoipokea kahawa, ilimradi wawepo watu wa kukizungumzia.

Kwa hiyo ninawaomba ndugu zangu mtakaopanda mlima Desemba hii. Kabla ya nyama na mbege, mzunguke kihamba pamoja na bibi au babu aliyebaki, watoto wote wakiwa nyuma yenu, na kila mtoto aambiwe jina la mgomba na la mti. Mchimbe shimo moja kwa kila aliyefika, na mwende kwa jirani kuomba machipukizi ya kujaza mashimo hayo, hata kama mnazo fedha za kununua. Na mtakapoketi kugawa ardhi, mabinti waketi nanyi.