Kamba ya kuruka na mifupa ya binti wa miaka 12

Bibi akiteleza uani akavunjika nyonga, tunasema ni uzee. Uzee umo, lakini si peke yake. Mfupa uliovunjika leo ulijengwa zamani, bibi huyo alipokuwa msichana, na nafasi ya kuujenga kama ile haikurudi tena.

Msikilizaji, mfupa si jiti kavu. Ndani yake mna chembe hai zinazohisi uzito na mtikisiko. Mtoto akiruka na kutua, mfupa wa mguu hupinda kidogo mno, kiasi kisichoonekana kwa macho, na chembe hizo hutoa ishara kwamba hapa paongezwe madini. Ni kama kiganja kinavyoota sugu kwa mpini wa jembe: panaposuguliwa ndipo panapokomaa.

Kazi hiyo hufanyika maisha yote, ila ina msimu wake. Karibu robo ya madini ya mifupa ya mtu mzima huwekwa katika miaka miwili tu ya balehe, pale mtoto anaporefuka kwa kasi. Kwa wasichana wengi ni kati ya miaka 11 na 14. Wavulana huchelewa kidogo. Akifika miaka ishirini na kitu, ghala limejaa kadiri litakavyojaa. Baada ya hapo ni kutunza tu, na mwanamke akifikia umri wa kukoma hedhi, akiba hupungua haraka.

Watafiti wa Ufini waliwapima wanawake wanaocheza tenisi na skwoshi, michezo ambayo mpira hupigwa kwa raketi, zaidi kwa mkono mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Mkono wa raketi ulikuwa na mifupa yenye madini mengi kuliko mkono wa pili wa mtu yuleyule. Kwa walioanza kucheza kabla ya kuvunja ungo au wakati huo, tofauti ilikuwa takriban mara mbili ya ile ya walioanza baadaye. Damu ni ileile, chakula kilekile. Kazi ya mkono ndiyo iliyotofautiana.

Sasa tazama vijijini kwetu. Binti akivunja ungo tu, anaambiwa aache kurukaruka, amekuwa mkubwa. Kaka yake anaendelea na mpira jioni, yeye anabaki jikoni. Simlaumu mama yeyote, maana hofu zake zina sababu. Lakini kwa mifupa, huo ndio wakati mbaya kuliko wote wa kuacha.

Wapo watakaojibu: watoto wetu wanateka maji, wanalima, wanatembea hadi shule, mazoezi gani tena? Hoja hiyo ina ukweli. Watafiti waliowalinganisha vijana wa Kinandi nchini Kenya waliona wa vijijini wanajishughulisha zaidi kuliko wenzao wa mjini. Lakini siku hizi bodaboda inafika hadi mlangoni. Tena mfupa huzoea jambo linalorudiwarudiwa: hatua elfu za mwendo uleule haziuamshi kama miruko michache yenye kishindo, kisha mapumziko. Kuruka kamba, rede, netiboli, mpira wa miguu, hata ngoma za kuruka, zote zinafaa. Mdako ni mtamu, ila ni wa kukaa.

Sukari nayo ina hesabu yake. Misuli ikifanya kazi hufungua njia ya kuchukua sukari kutoka kwenye damu hata bila kungoja insulini, ile homoni inayotoka kwenye kongosho. Kwa siku moja au mbili baadaye mwili huendelea kuitumia insulini vizuri, kisha faida hiyo huisha. Kwa hiyo mfupa huweka akiba ya miaka, lakini sukari haina akiba. Kijana aliyecheza sana shuleni, halafu akakaa miaka kumi juu ya pikipiki na soda mkononi, hawezi kudai kinga ya zamani. Kisukari cha aina ya pili, kilichozoeleka kuwa cha watu wazima, sasa kinaonekana hata kwa vijana.

Shirika la Afya Duniani linashauri wenye umri wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, na angalau siku 3 kwa wiki wafanye michezo ya kuimarisha misuli na mifupa. Dakika hizo si lazima zifuatane.

Na anayeruka lazima ale. Dagaa wanaotafunwa na mifupa yao, na maziwa yakipatikana, ndiyo madini yenyewe. Msichana anayekimbia sana huku akila kidogo anaweza kupoteza mfupa badala ya kuujenga. Hedhi yake ikikatika kwa miezi mitatu, na si kwa ujauzito, mpeleke kituo cha afya na umweleze mhudumu anavyokula na anavyofanya mazoezi.