Fahamu: Kopepodi wa baharini anahusianaje na Matombo?

Bwawa la Kidunda linalojengwa kwenye Mto Ruvu limezungumzwa sana kwa ajili ya maji ya Dar es Salaam. Upande wa baharini, karibu na Bagamoyo mto unakomwagika, hautajwi sana. Mvua ya Matombo, mashariki mwa Uluguru, huishia huko ikibeba udongo na virutubisho vinavyokuza vimea vidogo vya baharini. Kopepodi huvila.

Kopepodi ni jamaa wa kamba na kaa. Mmoja wao, Undinula vulgaris, ana urefu wa milimita 2 hadi 3 hivi: mwili wa mviringo mrefu, papasi mbili zilizotanuka pembeni, na miguu ya kuogelea chini. Yumo Bahari ya Hindi, Pasifiki na Atlantiki, ila kwenye maji ya joto tu. Mkondo ukimfikisha kwenye baridi, hastawi.

Ramani zinazoonyesha viumbe hawa walikopatikana zinahitaji kusomwa kwa tahadhari. Sampuli nyingi za utafiti wa kimataifa wa Bahari ya Hindi wa 1959 hadi 1965 zilichambuliwa Cochin, India, na nukta za sampuli hizo kwenye ramani zinafuata njia za meli. Mahali patupu huenda ni mahali ambapo wavu haukushushwa.

Bwawa hunasa udongo. Hilo halitamfuta Undinula kwenye ramani, maana makazi yake ni mapana mno. Kinachoweza kubadilika ni wingi wa kopepodi karibu na mdomo wa Ruvu, na kwa kuwa dagaa hula kopepodi, hapo ndipo mvuvi wa dagaa anapohusika.